Kusimamisha Mlingoti Peke Yako

Wengi wenu mnajua ziwa Albert kwa samaki wa sokoni tu. Sisi ni wana wa nyumba moja, mmoja wa darasa la tatu, mwingine wa tano, na likizo kubwa ya mwaka 2024 tulikuwa kwa baba mudogo yetu, mvuvi wa Tchomia. Tunataka kuwaelezea jambo moja tulilojifunza kule.

Kutoka Bunia barabara inapita Bogoro, kiisha inashuka mlima hata masikio yanaziba. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ziwa liko karibu mita 620 tu. Kule joto ni kali, na upepo una desturi yake: alfajiri unatoka mlimani kwenda ziwani, mchana unageuka na kurudi. Siku hizi pirogi nyingi zinakwenda na motere. Lakini petroli ni bei, na baba mudogo alikuwa na pirogi ndogo ya mbao yenye tanga la shitingi. Upepo ulimpeleka, upepo ulimrudisha.

Juma la pili malaria ikamlaza. Nyavu zilikuwa ndani ya maji, na minerval yetu ilikuwa ndani ya nyavu zile. Tukasema, Tutakwenda sisi wenyewe. Mlingoti ulikuwa muti wa mita 5, wa kilo 20 hivi. Tukafikiri, kijana mwenye afya atashindwa na kilo 20? Mmoja wetu akaukamata, akausukuma juu kwa mikono. Ulipofika nusu, mguu wake ukateleza, muti ukaanguka upande, ukavunja ubao wa kukalia. Mtoto wa jirani aliyesimama karibu ulimkosa kidogo tu. Tulikwenda kumwambia baba mudogo, na njia ile fupi ilikuwa ndefu.

Hakutukemea. Alijiinua kitandani, akasema, « Munaanza na nguvu. Muti hausimame na nguvu, unasimama na mguu. »

Basi akatufundisha pale pale, na kijiti na uzi wa nyavu juu ya blanketi. Kwanza, laza mlingoti kuelekea nyuma ya pirogi, na mguu wake uufunge mahali pake usiteleze. Pili, funga kamba mbili za pembeni, kushoto na kuume, sawasawa na mguu. Ukizifunga mbele au nyuma ya mguu, zitalegea ama zitakaza muti ukiwa njiani. Tatu, kamba ya mbele. Muti ukiwa umelala, ukivuta kamba hii bure, inausukuma tu muti juu ya mguu wake, haiinui kitu. Kwa hiyo simamisha fimbo yenye panda, mita moja na nusu, karibu na mguu, kamba ipite juu yake. Sasa inavuta kwenda juu. Nne, kamba ya nyuma, kusudi muti ukisha kusimama usipite ukaanguka mbele.

Ni ile levie ya somo la fizike. Katikati ya muti ule ni mita 2.5 toka mguuni. Ukilala, na wewe ukiushika mita 1 toka mguuni, kilo 20 zinakuwa kama kilo 50. Ndiyo sababu tulishindwa. Kadiri unavyoinuka, mzigo unapungua. Ukisha kusimama, uzito wote uko mguuni, na mkono mmoja unatosha.

Tukamwuliza, « Baba, tuko wawili. Juu ya nini kila mtu ajifunze kuusimamisha peke yake? » Akajibu, « Ku ziwa hamuko wawili. Mumoja iko na kasia. »

Maneno yale tuliyaelewa kesho yake. Tulisimamisha muti vizuri, tukatoa nyavu, samaki walikuwa wengi. Wakati wa kurudi, mawingu meusi yakafunika ziwa na upepo ukaja kwa nguvu. Mmoja akashika kasia ili mbele ya pirogi iangalie mawimbi. Mwingine akashusha tanga, akasimamisha panda, akazungusha kamba ya mbele mara moja kwenye ubao, akailegeza pole pole, shibiri kwa shibiri, hata muti ukalala. Mikono ilichubuka. Aliyeshika kasia hakugeuka hata mara moja. Kama angegeuka, wimbi lingetukamata ubavuni. Na kama mwenzake angeachilia kamba, muti ungempiga mgongoni. Alijua hayo yote, akaendelea kupiga kasia.

Nabii Isaya, sura ya 33, anataja merikebu ambayo kamba zake zimelegea hata mlingoti wake hauwezi kukazwa. Zamani tulisoma mstari ule haraka haraka. Sasa hapana.

Baba mudogo alikuwa ametufikia pwani na blanketi mabegani, anatetemeka. Hakuangalia samaki. Aliingia ndani ya maji, akatushika kichwa mmoja mmoja, kiisha akainama kuangalia fundo la mguu wa mlingoti.

Minerval tulilipa, na ubao tulioubomoa tuliutengeneza mbele ya kupanda Bunia. Ni hayo tu tuliyotaka kuwaambia.