Bangkok: Kila Samaki na Chupa Yake

Siku moja kwenye soko la Chatuchak, kwa yeyote aliyewahi kujiuliza nani aishi na nani chini ya paa moja.

Mwenzangu, kama unadhani Kariakoo ya sikukuu ndiyo mwisho wa msongamano, hujashuka kituo cha Mo Chit asubuhi ya Jumamosi. Treni ya juu inafungua milango, watu wanamwagika, na wewe huna haja ya kuuliza njia. Unasukumwa tu mpaka Chatuchak, soko la wikiendi lenye vibanda zaidi ya 15,000. Viatu, vyungu, sabuni za maua, fulana, nazi baridi, kila kitu kipo. Jua nalo halina huruma, na hiyo ni Novemba, msimu wanaouita wa baridi!

Ilikuwa mwaka 2023. Dada yangu huenda Bangkok kufuata mzigo wa nguo Pratunam, na safari hiyo nikamwomba twende wote. Alinionya mapema: "Chatuchak ukipotea usinitafute, tukutane hotelini." Yeye akaingia kwenye magauni, mimi nikauliza walipo samaki. Usicheke, nina sababu.

Mwenza wa Sultani

Siku tulipotimiza mwaka wa ndoa, mume wangu aliniletea samaki mmoja wa bluu iliyokolea, mkia kama kanga iliyotandazwa majini. Beta, au samaki mpiganaji. Nikamwita Sultani. Kila nikirudi kazini namkuta anazunguka peke yake, roho inaniuma. Nikajisemea, hakuna kiumbe anayependa upweke. Nikaenda kumnunulia mwenzake, dume mwekundu, mzuri kweli kweli. Nikawatia tangi moja, nikazima taa, nikalala nikijiona mtu mwema.

Asubuhi mwekundu alikuwa anaelea. Sultani alikuwa hai, lakini ule mkia ulikuwa umebaki nyuzinyuzi. Mume wangu alitazama, akatikisa kichwa: "Umemletea mke mwenza, tena wa kiume." Yeye alicheka. Mimi nililia, maana mwekundu yule nilimuua mimi kwa wema wangu.

Na nikwambie ukweli mwingine. Nyumbani kwetu kuna vyumba viwili na kastoo. Miezi mitatu kabla ya safari hiyo, wifi yangu alikuja kuishi nasi, akawa analala sebuleni. Tulianza kwa kukumbatiana, tukaja kugombana kwa ajili ya sufuria, rimoti, mpaka nani kamaliza chumvi. Siku naondoka kwenda uwanja wa ndege hatukuagana. Mume wangu katikati, kimya. Basi ndivyo nilivyopanda ndege.

Mji wa kadibodi

Upande wa wanyama unauona kwa pua kabla ya macho. Harufu ya chakula cha samaki, maji ya mifereji, ndege wanapiga kelele. Halafu unawaona beta. Mamia! Kila mmoja kwenye chupa yake ndogo, zimepangwa kama soda za dukani, na kati ya chupa na chupa kipande cha kadibodi. Kuna wa mkia mfupi wa asili, kuna wa mkia unaofunguka nusu duara kamili, weupe, weusi, wengine wana rangi za bendera ya nchi.

Samaki huyu ni wao hasa. Kwa Kithai wanamwita pla kat, maana yake samaki anayeuma, na zamani alifugwa kwa ajili ya kupambanishwa na watu kuwekeana dau. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Si mchezo.

Nikasimama kwa mama mmoja wa makamo, aproni kiunoni. Kiingereza chake cha kuokoteza na Kithai changu hakipo kabisa, tukazungumza kwa simu yenye programu ya kutafsiri. Nikamweleza habari za Sultani. Hakunicheka. Alichomoa kadibodi moja kati ya chupa mbili. Jamani! Samaki waliokuwa wametulia kama picha walitunisha mashavu, mapezi yakasimama, wakaanza kugonga kioo. Akairudisha kadibodi, wakatulia. Kisha akaongea na simu, simu ikaniambia: "Shambani anayeshindwa hukimbia. Kwenye chupa akimbilie wapi?"

Maneno hayo nimetembea nayo mpaka leo. Porini beta huishi kwenye mashamba ya mpunga, vinamasi na mitaro yenye maji ya kina kifupi na majani mengi. Kila dume ana kieneo chake. Mgeni akiingia, wanatishana, wanadonoana kidogo, mnyonge anaondoka zake. Ugomvi huwa mfupi, kwa sababu pana pa kwenda. Ni sisi tunaowafungia mahali pamoja ndio tunaougeuza kuwa wa kufa na kupona.

Jani la kwetu

Nikaona pia mafurushi ya majani makubwa makavu, ya kahawia. Nikachukua moja, nikanusa. Mkungu! Mti ule ule wa uani kwetu Dar, ambao kila asubuhi tunafagia majani yake huku tunalalamika. Kule yanauzwa. Jani likilowekwa, maji yanabadilika rangi kama chai nyepesi, yanakaribia maji ya kwao porini, na samaki anapata kivuli cha kujificha. Nilicheka peke yangu mpaka mama akaniangalia.

Halafu akanivuta ndani ya kibanda. Palikuwa na tangi pana la mimea, beta mmoja juu kama bwana shamba, chini kundi la samaki wadogo wenye ndevu wanachakura mchanga, konokono kwenye kioo. Kila mmoja na shughuli zake. Hapo nikaelewa kwamba wanaoelewana ni wale ambao hawagombei sehemu moja.

Simu ya usiku

Usiku ule nilimpigia mume wangu. Nilimwambia atoe cherehani yangu na magunia kwenye kastoo, apake chokaa, aweke kitanda na kitasa. "Cha nani?" "Cha wifi. Na ufunguo akae nao mwenyewe." Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, mama." Siwezi kukudanganya kwamba leo tunapikiana pilau kila siku. Lakini mlango wake ukifungwa tunaupisha, na ukifunguliwa, huwa ametoka kwa hiari yake. Chumvi ikiisha, anayeiona ananunua.

Miezi saba baadaye, alfajiri ya Juni 11, 2024, moto uliteketeza zaidi ya vibanda 100 vya upande ule wa wanyama. Viumbe wengi walikufa wakiwa vizimbani na kwenye matangi. Nilitazama picha nikimtafuta yule mama wa aproni. Sikumwona. Ukienda, uliza kwanza ni wapi samaki wanauzwa sasa.

Kabla hujamtafutia mwenza

Nafasi. Beta peke yake apate angalau lita 10, na 20 ndiyo raha. Ukitaka kumchanganya, anzia lita 40, mimea ya kutosha, na mfuniko maana anaruka. Huvuta hewa juu ya maji, hivyo usijaze mpaka ukingoni.

Joto. Nyuzi 24 hadi 28. Dar hakuna shida. Iringa au Arusha wakati wa baridi utahitaji hita.

Wanaofaa. Koridora wa chini, wasiopungua sita, tetra wadogo wa rangi ya kaa la moto, nao kwa kundi, konokono.

Wasiofaa. Dume mwenzake, kamwe. Gapi dume, maana mkia wake wa rangi humfanya aonekane mshindani. Gurami, ambao ni binamu zake. Samaki wa dhahabu, apendaye maji baridi zaidi na achafuaye haraka. Wadonoaji wa mapezi wote. Uduvi? Huenda wakawa chakula cha jioni. Na jike? Wafugaji huwakutanisha kwa ajili ya mayai tu, kisha jike hutolewa haraka, maana dume hubaki kulinda mayai na humfukuza.

Utaratibu. Wenzake watangulie, beta aingie mwisho. Kaa uwatazame, na uwe na chombo cha akiba pembeni. Wapo beta wasiotaka mtu kabisa. Huyo mwache na ufalme wake.

Sultani ni mmoja wao. Mkia wake uliota tena, ukapinda kidogo upande mmoja. Aliishi peke yake mpaka siku zake zilipoisha, na jani la mkungu juu yake. Sikumwonea huruma tena.