Notisi Ilibandikwa, Tena Kitambo

Watu hudhani riwaya za sayansi za kuchekesha huzeeka haraka kama simu. Ile ya Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ilianza kama mchezo wa redio BBC mwaka 1978, ikawa kitabu 1979, na bado inanivunja mbavu. Mashabiki watakutajia taulo na ile namba 42. Sawa, lakini mimi hunishika pale mwanzoni kabisa.

Arthur Dent, Mwingereza wa kawaida tu, anaamka na kukuta tingatinga nje: nyumba yake inabomolewa kupisha baipasi. Anaambiwa ramani zilikuwa wazi kwa umma muda mrefu. Ndiyo, chini kwenye sela ya ofisi, gizani, ndani ya kabati lililofungwa! Siku hiyohiyo Wavogon wanafika kubomoa dunia nzima kupisha baipasi ya angani. Na wao walitoa notisi: imekaa miaka 50 huko Alpha Centauri, umbali wa miaka-nuru 4 na kitu.

Sasa soma hiyo ukiwa Nairobi, ambako alama ya X nyekundu ukutani haihitaji tafsiri. Shangazi yangu alipakwa yake. Karani alimwambia, bila chuki yoyote, eti tangazo lilitoka gazetini. "Gazeti gani, jamani?" akawa anatuuliza wiki nzima. Nilipomsimulia habari za Dent, alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na huyo, fidia alilipwa?"