Konde Lisilopigwa

Mahasimu wa zama mbili hawakutani ulingoni, ila katika ndimi za mashabiki wao. Walakini mwaka 1969, huko Miami, Rocky Marciano na Muhammad Ali walikutanishwa mbele ya kamera. Marciano alikuwa ameuaga ulingo tangu 1956, baada ya kushinda mapambano yake yote 49. Ali naye hakuwa ameshindwa bado, lakini alivuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mmoja wakati wake ulikuwa umepita; mwingine wakati wake ulikuwa umezuiwa.

Kompyuta ililishwa takwimu zao ili itoe hukumu. Mabondia wakarushiana makonde ya kuigiza, na miisho kadhaa ikapigwa picha, pasina wao kujua upi ungeteuliwa. Filamu ilipoonyeshwa Marekani Januari 1970, Marciano alimwangusha Ali katika raundi ya 13. Mshindi mwenyewe hakuyaona hayo: alikuwa amefariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969.

Mashine ilihesabu yaliyokwisha kutendwa. Haikujua kwamba Ali angerejea ulingoni Oktoba 1970, wala kwamba mwaka 1974, mjini Kinshasa, angemwangusha George Foreman na kuutwaa tena ubingwa. Mashabiki na waendelee kubishana barazani, maana ubishi huo ni namna ya kuwakumbuka wawili hao. Hukumu ilitolewa mapema mno: mmoja hakuwahi kuisikia, na mwingine alikuwa bado hajamaliza kupigana.