Baridi Inayotoka Chini: Siku Tatu Yangambi



Mtu wa Kisangani akilalamika juu ya baridi, ndugu zetu wa Goma na Bukavu humcheka. Wao wanaishi milimani, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Sisi tuko karibu mita 400 tu, na ikweta iko jirani. Mchana tunatoka jasho hata kivulini. Lakini mama aliyewahi kulala mtoni na mtoto anajua yanayotokea karibu na alfajiri. Ukungu unashuka juu ya maji, upepo unaanza, na mtoto anajikunja akitafuta mgongo wa mama.

Katika likizo kubwa tulishuka mto kwenda Yangambi, wamama wanane wa kundi letu na walimu wawili. Ni kama kilomita 100 kutoka mjini. Tulipanda mashua kubwa ya mbao yenye injini, katikati ya magunia, kuku na bidoni za mafuta. Kanisa kuu lilibaki nyuma yetu, kisha tukaanza kupita vijiji vya Walokele. Wamama wa huko walitufuata kwa mitumbwi, wakiuza samaki wa moshi, kwanga na makemba bila mashua kusimama.

Yangambi ni mahali pa kuona. Kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa pale mwaka 1933, na msitu wake unatambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1976. Nyumba za zamani za matofali bado zinasimama chini ya miti mikubwa. Tulitembea, tukauliza maswali, tukaonyeshwa mashamba ya kahawa. Usiku tulilala kando ya msitu katika machela, yaani vitanda vya kitambaa vinavyofungwa kati ya miti miwili. Chini kulikuwa na unyevu, na siafu hawana heshima kwa mgeni.

Mzee aliyetuongoza alitazama jinsi tulivyotandika blanketi ndani ya machela, akauliza: «Mama, blanketi hiyo itakusaidia nini ukiikalia?»

Kisha akatuonyesha machela yake. Blanketi lake lilikuwa nje, limefungwa kwa kamba chini ya kitambaa, na chini ya blanketi kulikuwa na kipande cha bashi. Sababu yake tunaweza hata kuifundisha darasani. Blanketi halina moto ndani yake. Linachofanya ni kushika hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisikimbie. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote, nalo linabaki jembamba kama kikwembe. Kwenye mkeka huhisi sana, maana ardhi haina upepo. Kwenye machela, hewa ya usiku inapita chini yako bila kupumzika na kubeba joto la mgongo na figo.

Kwa hiyo kifuniko cha chini kinaning'inizwa nje. Mtu mmoja alale ndani, mwingine apitishe mkono chini. Kifuniko kiguse machela kidogo tu. Kikiacha nafasi kubwa, upepo unaingia. Kikivutwa sana, kinakamuliwa tena. Bashi ikae nje kabisa kuzuia upepo na matone, lakini iachwe wazi kichwani na miguuni. Ukijifunga pande zote kwa plastiki, jasho linageuka maji na unaamka umelowa.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa Tshopo hatuwezi kuipuuza. Mbu huuma kupitia kitambaa chembamba kilichobana mwili. Chandarua cha juu hakimzuii mbu anayekuja kwa chini. Kifuniko kinamzuia.

Kukishona si kazi ngumu. Chukua vikwembe viwili vya zamani, virefu kutoka mabegani mpaka magotini. Katikati weka blanketi kuukuu, au sufi ya mti wa msufi, ambayo ni nyepesi na hainywi maji haraka. Shona mistari ili sufi isikusanyike upande mmoja, kisha weka kamba kwenye pembe nne. Lakini sufi inashika moto upesi sana: iwe mbali na makaa na taa ya petroli.

Tunaandika haya si kwa ajili ya matembezi tu. Katika vijiji vingi vya jimbo letu, mama mwenye uchungu wa kuzaa au mgonjwa asiyeweza kutembea bado anabebwa kwa kipoyi, na mara nyingi usiku. Kipoyi cha kitambaa ni machela inayotembea. Tunamfunika mama kwa juu vikwembe vitatu, na upepo unampiga mgongoni njia nzima. Akirudi na mtoto mchanga, baridi hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, uso wazi, na kifuniko kiwe chini yao wote wawili. Tusimlaze mtoto mchanga peke yake ndani ya machela: mwili wake unapinda, kidevu kinashuka kifuani, na pumzi inaweza kuzibwa. Akilala peke yake, alale chali mahali palipo sawa na pagumu.

Mkutano ujao, kila mmoja alete kikwembe kimoja cha zamani na sindano. Tukishona vifuniko vinne, viwili vitabaki kwenye sanduku la kundi kwa wanaosafiri mtoni, na viwili tutavipeleka kijijini kwa wanaobeba kipoyi.