Saa 2 za Kunyonyesha, na Tembo Katikati ya Njia

Watu wakisikia fulani anafanya kazi kempu ya watalii kule Ikoma, wanaona tayari ameula. Na picha anazoweka WhatsApp ndo zinawamaliza kabisa: sare imepigwa pasi, nyuma yake hema kubwa lenye kitanda cha mbao, kule mbali pundamilia wanakula majani. Kisichoonekana kwenye picha ni ratiba. Wafanyakazi wa kempu nyingi wanalala hukohuko, wanapiga kazi wiki kadhaa mfululizo ndo wanatoka ofu. Kwa kijana asiye na mtoto si mbaya, hela haina hata pa kutumika. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi mitano ni habari nyingine kabisa.

Dada anayezungumziwa hapa ni wa Robanda, kile kijiji kilicho jirani na geti la Ikoma. Idara yake ni usafi wa mahema. Ratiba: wiki 6 kazini, wiki 2 nyumbani. Mume anapiga bodaboda, mtoto yuko kwa bibi yake, yaani mama mkwe wa dada huyu.

Alipojifungua alipata siku zake 84 za uzazi kwa malipo, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Hapo tusimsingizie mwajiri, alitimiza. Shida ilikuja baada ya hizo siku kuisha.

Sheria hiyohiyo inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kama unafanya kazi ofisini Musoma na umepanga mtaa wa pili, saa 2 ni kitu kikubwa. Unatoka, unanyonyesha, unarudi kwenye meza yako. Sasa huyu dada, usiku akisimama nje ya hema la wafanyakazi anaziona taa za kwao. Ni kilomita chache tu. Lakini hazitembeleki. Kempu haina uzio, na kati yake na kijiji kuna nyati, fisi, simba wakijisikia, na tembo. Waikoma wanamheshimu tembo tangu enzi za mababu, ila heshima hiyo haimzuii tembo kukukanyaga. Giza likishaingia, hata kutoka hemani kwenda jikoni unasindikizwa na askari mwenye tochi.

Kwa hiyo saa 2 zake alikuwa anazitumia bafuni. Anakamua maziwa, anayamwaga kwenye sinki, anafuta macho, anarudi kutandika vitanda. Kule nyumbani mtoto anapewa maziwa ya kopo yaliyonunuliwa kwa mshahara wa huyohuyo anayemwaga ya kwake. Ukikaa ukalifikiria hilo unaweza kuugua.

Ofu ya kwanza ilipofika alirudi mbio. Mtoto alipomwona akaangua kilio, akamng'ang'ania bibi yake shingoni. Mama mkwe, ambaye kwa kweli ni mwanamke wa maana, akamwambia, "Mwanangu, usilie na wewe. Mpe siku mbili tatu, atakuzoea." Kweli akamzoea. Siku 14 zikaisha, mama akaondoka tena.

Mume naye akaja na suluhisho lake: "Mama watoto, acha hiyo kazi." Rahisi kutamka. Mkopo wa bati nani alikuwa anaulipa? Bodaboda ina siku ya abiria na siku ya kukaa kijiweni unapiga stori. Waliligombana hili wiki nzima, mwishoni mume mwenyewe ndo akapiga hesabu kwenye karatasi na kunyamaza. Nyumba nyingi za kule zimejifunza mwaka 2020, corona ilipofunga anga na watalii wakakata. Wafanyakazi wa kempu walirudishwa nyumbani, wakashinda na watoto wao kutwa nzima, lakini sufuria zilikuwa nyepesi. Kukaa nyumbani bila hela nako kunamtesa mtoto.

Hapa ndo dada alipoonyesha akili. Alikaa akaangalia kempu inavyoenda. Wageni wanatoka alfajiri kwenda kuangalia wanyama. Mahema yanasafishwa asubuhi, halafu jioni yanaandaliwa tena kwa usiku. Hiyo kazi ya jioni ndo inayomfunga mtu asilale kwake. Lakini dobi hawafui usiku, nguo zinahitaji jua. Na kuna pikapu inaenda Robanda kila asubuhi kuchukua vibarua na mboga, na kuwarudisha kabla giza halijaingia. Gari lipo, njia ipo, siku zote ilikuwa inapita mbele ya macho yake.

Akamfuata supavaiza: ahamie dobi, aingie saa 1 asubuhi, atoke saa 10 jioni, alale kwake. Supavaiza akamuuliza zamu ya jioni ataiziba nani. Dada alikuwa ameshajipanga. Kuna binti wa Mwanza pale dobi, hana mtoto, anatamani mahemani kwa sababu ya tipu. Wakabadilishana. Meneja akakubali kwa miezi mitatu, kwa maandishi.

Usidhani ilikuja bure. Tipu za mahemani zilikuwa zinamlipia maziwa ya kopo na chenji inabaki. Dobi mgawo wake ni mdogo. Na chakula cha jioni cha kempu hana tena, anapika kwake. Lakini mtoto ananyonya alfajiri na jioni, na mchana anakunywa maziwa ya mama yaliyokamuliwa usiku. Ya kopo yamepungua.

Wenzake walinung'unika. Wengine wakasema wenyeji wanapendelewa. Na kusema ukweli wana hoja, kwa sababu mpango huu haumsaidii mtu wa mbali. Kuna mpishi pale ametoka Moshi, ana watoto wawili, anawaona mara chache kwa mwaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje, kwa kuwa ni mwanaume. Sheria ile ya 2004 inampa baba angalau siku 3 mke akijifungua. Toka Serengeti mpaka Moshi, siku moja inaishia kwenye basi, nyingine inaisha kurudi. Inabaki moja ya kumbeba mtoto na kupiga picha. Yeye wa mbali hata pikapu ya Robanda haimfai kitu. Anachoweza kukibadilisha ni idadi ya wiki, na hilo linataka wapishi wawili wakubaliane na bosi mmoja akubali. Mpaka sasa hajathubutu kuomba.

Mume wa dada naye kuna kitu amebadilisha. Mama mkwe akiwa shambani, yeye ndo anabaki na mtoto mpaka saa 4, bodaboda inasubiri. Vijana wa kijiweni walimcheka, wakambatiza "dada wa kazi". Mwanzo alikasirika. Siku hizi anawajibu kwamba dada wa kazi analipwa, yeye halipwi.

Sasa miezi mitatu inaishia mwezi wa 6, na huo ndo msimu nyumbu wanapita upande ule, wageni wanajaa, na kila meneja anataka watu wake walale hukohuko. Dada ameshaandika barua ya kuomba aongezewe. Ameambiwa watakaa wazungumze. Yule binti wa Mwanza anasema mahemani harudishwi mtu, na dobi mwingine ameshaanza kuulizia kama nafasi ya pikapu itakuwa wazi.