Funguo Hazihamishi Deni

Same, Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama wa vitenge wa stendi anauza nyumba yake ya Kisima, apande Mamba akalime tangawizi. Hati iko benki; nyumba aliiweka rehani alipokopa mtaji. Mnunuzi, kijana wa Hedaru, atatoa nusu ya bei taslimu na nusu "ataendelea kulipa benki". Wameshaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mjumbe.

Nikamuuliza benki imesaini wapi.

"Benki inahusu nini, mwanangu? Si pesa yake itaingia?"

Itaingia mpaka siku kijana atakapokwama. Hapo atakayetafutwa ni mama, na nyumba itapigwa mnada kwa deni lenye jina lake.

Jumanne, 4 Machi

Vifungu vya sheria havikumwingia mama, nikahamia kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia. Ukimwachia jirani zamu yako ya maji kimyakimya, akabomoa mfereji, msimamizi anamwita nani?

"Mimi. Zamu ni yangu."

Basi na mkopo ni hivyo. Haki yako unaweza kumpa mwingine. Mzigo wako humtwishi mtu mpaka anayekudai akubali. Ndiyo maana mkataba wa kuhamisha deni una saini tatu: anayetoka, anayeingia na anayedai. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema wahusika wakikubaliana kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa awali, wa awali haudaiwi tena. Aliyetoka ametoka kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama na kijana wamekuja, pamoja na mume wa mama. Nyumba ni ya familia, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Mzee ameridhia, kwa maandishi.

Kijana anashangaa kwamba benki itataka rehani mpya wakati nyumba ni ileile. Nikamwambia deni la kwanza likifutwa, dhamana iliyolilinda inaweza kufutika nalo. Benki haitakubali kubaki mikono mitupu.

Nikawaeleza pia kwamba benki inaweza kukataa. Itapima kipato cha kijana kama mkopaji mgeni. Ikikataa, njia ya kawaida ipo: sehemu ya bei imalize deni, benki iachie hati, rehani ifutwe kwa Msajili wa Hati, ndipo jina libadilishwe. Ni ndefu, ila mama hatatoka na deni mgongoni.

Ijumaa, 14 Machi

Benki imekubali na rasimu imefika. Mama kataka nimsomee neno kwa neno, kila aya aniulize maana yake. Ndio Wapare hao. Mwaka 1945 babu zao walijazana hapa hapa Same kuikataa kodi ya mbiru, wakitaka kuelezwa inavyokadiriwa.

Tulipofika penye "mkopaji wa awali anaachiliwa kuanzia tarehe ya mkataba huu", akanyoosha mkono.

"Na rejesho la Februari, ambalo halijalipwa? Lile ni la kabla ya tarehe."

Rasimu ilikuwa kimya. Mama na kijana wakavutana kidogo, kisha wakaafikiana: Februari pamoja na faini yake ni ya mama, itakatwa kwenye fedha taslimu, kuanzia Machi ni ya kijana. Nimeiandika kama kifungu kinachojitegemea. Jumatatu rasimu inarudi benki, na mama kasema hasaini mpaka akione kimechapwa.