Kazi Tuliyoajiriwa na Kazi Tuipendayo



Mwalimu huulizwa daima anafundisha somo gani, na jibu lake huwa jepesi. Ni nadra kuulizwa anapenda nini. Sisi twafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana hapa Mombasa, na huu ni mwaka wetu wa 19. Lakini twapenda pia kitu kisichomo katika silabasi wala hakitahiniwi: Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile hati walizoandikiana bibi zetu. Mapenzi haya mawili yamegombania saa zetu kwa miaka mingi, na leo twataka kuwaeleza yalivyopatana.

Tuanze na kazi tuliyoajiriwa. Kila juma hutujia insha zipatazo 140, nasi huzisahihisha baada ya sala ya isha, watoto wakisha kulala. Nyingi hufanana: methali mwanzoni, jua la utosini katikati, majuto mwishoni. Hatuwalaumu wasichana, kwani ndivyo wanavyodhani mtahini anavyotaka. Furaha yetu ni pale mmoja wao anapoacha kuandika anachodhani chatakiwa, akaandika alichokiona kwa macho yake: mamake akihesabu sarafu za mahamri, au bahari ilivyonuka asubuhi ya kusi. Sentensi moja ya namna hiyo hutuondolea uchovu wa daftari thelathini.

Ama mapenzi yetu ya pili, hayo twayatumikia bila mshahara. Hati za kale si rahisi kusoma. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ya v, wala ya ch. Waandishi wetu wa zamani walitumia walichokuwa nacho, na katika miswada mingi herufi ya *ba* yasimama mahali pa b na pa p pia. Irabu zetu ni tano, ilhali alama za Kiarabu ni tatu, hivyo kasra huwa i au e. Neno moja laweza kusomwa "panda" au "banda", jingine "pita" au "peta". Anayesoma hana budi awe akijua lugha kabla hajaiona karatasi, na ndiyo sababu usomaji huu haujifunzwi kwa kitabu peke yake. Wahitaji mtu mzima aketi kando, asikilize na kusahihisha.

Pwani yetu haikupata kukosa walimu wa aina hiyo. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi katika karne ya 19, hakuwa na darasa ila nyumba yake. Hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzifafanua tungo za Muyaka bin Haji, na lau si yeye, nyingi zingezikwa pamoja na waliozihifadhi vichwani. Shihabuddin Chiraghdin, aliyezaliwa 1934, alikuwa mwalimu wa shule. Aliihariri *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir, na pamoja na Mathias Mnyampala akaacha kitabu cha historia ya Kiswahili. Kitabu hicho kilichapishwa 1977. Mnyampala alikuwa amefariki 1969, na Chiraghdin 1976. Hapana hata mmoja kati yao aliyekishika mkononi.

Nasi tulikuwa na bibi yetu, mzaa mama. Hakuwahi kukanyaga shule ya serikali. Kila aliyekuja nyumbani na fomu alimwandika kuwa hajui kusoma wala kuandika, naye hakubisha. Alitabasamu tu, akaendelea kuchambua mchele. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku lenye karatasi 31: barua za dada zake kutoka Lamu, hesabu za harusi, dawa za watoto, na mashairi waliyojibizana wanawake wa mtaa. Zote zilikuwa kwa hati hiyo, na macho yake yalikuwa yakififia.

Tukaamua kuwachukua wasichana wanne kwake kila Jumamosi, kwa idhini ya wazazi wao. Nyumbani uamuzi huo haukupokelewa kwa vigelegele. Binti yetu wa miaka minane aliuliza, "Mama, na Jumamosi yetu sisi je?" Swali lilikuwa la haki. Hatukuwa na jibu, ila kumchukua naye. Akapewa kazi ya kuzishika karatasi zisipeperuke, na baada ya majuma machache yeye ndiye aliyetuharakisha kuvaa buibui.

Miongoni mwa wale wanne alikuwamo msichana wa Kidato cha Tatu ambaye darasani hakuinua mkono. Insha zake zilikuwa fupi, na alama zake hazikupita 9 kwa 20. Bibi alipompa karatasi ya kwanza, alikohoa kidogo kisha akasoma bila kusita, kwa kuwa alikuwa amelelewa madrasa na nyumba yao ina wazee. Alipokwama, Bibi alimtajia neno, naye akaendelea. Mwishoni Bibi alisema, "Huyu mwanangu asoma. Nani aliyewaambia hajui?"

Hatutawadanganya kuwa aliongoza darasa. Alama zake zilipanda hadi 13. Lakini mkono wake ulianza kuinuka, na insha aliyoandika juu ya barua ya Lamu haikuwa na jua la utosini.

Bibi alifariki tukiwa tumesoma karatasi 17. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Zilizosalia ni 14, nasi twazisoma wenyewe, polepole, tukibishana. Kuna ubeti mmoja ambao hadi sasa hatujui kama wasema "panda" au "banda". Yeye angetujibu bila kuinua uso kutoka kwenye ungo wake.

Siku hizi hatuzitenganishi tena kazi zetu mbili. Yale tuliyoyatafuta katika sanduku ndiyo tunayoyatafuta katika zile insha 140: mtu akisema lililo lake, kwa lugha yake.

Tunalo ombi moja kwenu, akina mama na mabinti. Kabla hamjachoma karatasi za marehemu wakati wa kusafisha nyumba, zitazameni. Na kama yupo mzee nyumbani aliyejifunza chuoni tu, msimwandike kuwa hajui kusoma. Mpeni karatasi, mketi kando yake, mwandike asomayo. Fanyeni hivyo juma hili.

Wabillahi tawfiq.